Ganzi Bila Kung'oa

Jumatatu, 4 Machi

Gego la kushoto, la chini, la mwisho kabisa. Limeanza tena. Nimeamka shavu limejaa kama nimeficha yai ndani. Nimesali, nimesukutua maji ya chumvi, nimebana karafuu kwenye tundu lake. Karafuu imesaidia mpaka nilipofungua kibanda. Basi.

Na wiki yenyewe ndiyo hii! Matroni wa hospitali anataka viatu vipya kwa manesi wote. Mafundi tumebaki wawili, mimi na Gundi, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Kila mmoja atengeneze jozi moja kwa kipimo cha mguu wa Matroni mwenyewe, naye atazivaa zamu nzima. Zangu Ijumaa, za Gundi Jumamosi. Miguu yake ndiyo hakimu.

Aliyenitaja kwa Matroni ni binti yangu, nesi mwanafunzi pale pale. Alimwambia baba yake hajawahi kumtia mtu lengelenge. Nilipoambiwa nilifurahi, halafu nikaogopa. Mtoto ameweka jina lake chini ya visigino vyangu. Nikiharibu, atakayetembea wodini kichwa chini ni yeye, si mimi.

Gundi anaitwa Gundi kwa sababu hajui kitu kingine. Anapaka, anabandika, anakalia. Mimi nashona na kupigilia. Kiatu changu kikiachia soli, ujue mguu ndio ulioachia kwanza.

Leo amevuka barabara kuniuliza shavu lina nini. Nikamwambia nina peremende. Amekuja tena jioni. Akasema peremende hiyo ni ya ukoo, haimung'unyiki. Nimemsamehe. Si kwa moyo wote.

Mama watoto anasema nikang'oe. Nimemwambia jino nililopewa na Mungu siwezi kumrudishia kabla hajalidai.

Jumanne, 5 Machi

Sikulala. Nikilalia kushoto linapiga. Nikilalia kulia linapiga na kushangilia. Mama watoto amehamia chumba cha watoto na mto wake.

Kazini nimekata ngozi ya kiatu cha kulia mara mbili. Ya kwanza imeharibika, kisu kiliteleza jino liliponichoma. Ngozi nzuri, nyeupe, laini kama sikio la mtoto. Kwa mwendo huu Ijumaa itanikuta na kiatu kimoja.

Binti amepita jioni. Akaniambia baba, wanakuchoma sindano ya ganzi, hutasikia kitu. Nimemwuliza mambo mengi, kwa maana sindano siipendi, na nisichokipenda lazima nikijue. Akanieleza vizuri, huyu mtoto ana subira. Anasema maumivu ni habari. Inatoka kwenye jino, inapita kwenye mshipa wa fahamu, inafika kwenye ubongo. Dawa ya ganzi inafunga njia hapo katikati kwa muda. Jino linapiga kelele yake pale pale, ila kelele haifiki nyumbani. Mtu yuko macho, anasikia maongezi, anajua jina lake. Si usingizi. Wanaitumia kwa meno, kwa kushona aliyejikata, kwa kupasua jipu, kwa kutoa vinundu vya ngozini. Hata mama anayejifungua kwa upasuaji anaweza kuchomwa mgongoni, akamsikia mtoto wake akilia hali tumbo bado halijashonwa.

Nikamwuliza kama jino linajua kwamba limefungiwa njia. Akasema baba, kapumzike.

Nikauliza ganzi ya mdomo inakaa muda gani. Akasema saa kadhaa. Mchana mzima pengine.

Mchana mzima! Mpango ulianza pale pale, nikiwa bado natikisa kichwa kama mzazi mwenye busara.

Jumatano, 6 Machi

Mpango ni huu. Niende kwa daktari wa meno. Nichomwe ganzi. Niondoke na jino langu. Nikamalize viatu bila maumivu. Ganzi bila kung'oa! Nashangaa hakuna aliyeliwaza hili kabla yangu.

Daktari ni mwanamke kijana, rika la binti yangu, mpole. Akauliza kama nina presha, kama moyo una shida, kama kuna dawa ninazomeza, kama sindano yoyote iliwahi kunidhuru. Anasema wasipoyajua hayo ganzi inaweza kuleta balaa. Nikamjibu ukweli mtupu, sikuwa na haja ya kudanganya, bado ilikuwa mapema.

Akanipaka dawa ya kwanza kwenye fizi kwa pamba, ili sindano yenyewe isiume sana. Kisha sindano. Akaisukuma polepole. Anasema ikisukumwa kwa haraka inaunguza zaidi. Iliunguza hata hivyo. Niliita jina la Mungu kwa sauti iliyonitoka puani. Baada ya muda mdomo wa chini ukaanza kuwa mnene, ila upande wa kushoto tu, mpaka katikati ya kidevu, kama umepigiwa mstari. Ulimi nao nusu. Nikajigusa. Nilikuwa nagusa mdomo wa mtu mwingine.

Na jino? Kimya. Kimya kitamu.

Hapo nikamwomba daktari ruhusa nitoke nikasali kidogo kabla ya kung'olewa. Akasema hakuna neno, aiache ganzi ikolee. Nikatoka. Ili nisiwe mwongo nilisali kweli, pale chini ya ngazi, sala fupi. Kisha nikapita mlango wa nyuma, kwenye mapipa.

Nimefanya kazi leo kama kijana. Nimeshona viatu vyote viwili, nimetoa kalibu, ule mguu wa mbao wa kuumbia kiatu, nimeanza visigino. Mate yamenidondoka mara mbili juu ya kiatu cha mteja, nikayatumia kung'arishia. Gundi akaniona. Akamwuliza mwenye duka la kanga, kwa sauti ya kunifikia mimi, mtu akipooza nusu uso, ni fundi gani wa kurithi kibanda chake. (Nimemsamehe tena. Sijui ni mara ya ngapi, Mungu anajua.)

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na hili mama watoto asilione.

Misumari midogo ya kisigino naishika mdomoni. Kila fundi wa zamani anafanya hivyo. Unabana kundi zima kwenye kona ya mdomo, ulimi unakusogezea mmoja mmoja, mkono unachukua, nyundo inapiga. Mimi kona yangu ni ya kushoto tangu ujana. Leo ulimi ulikuwa nusu na kona ilikuwa ya mtu mwingine. Nikapigilia, nikapigilia, huku nikiimba moyoni. Nikafika tundu la mwisho la kisigino cha kulia. Nikapeleka mkono mdomoni.

Mdomo mtupu, na misumari nilikuwa nimeihesabu sawasawa na matundu.

Nimepekua aproni. Nimepekua sakafu kwa magoti. Nimetikisa kiatu, hakuna kilicholia. Mate yana damu. Basi nimeumeza. Nikachukua msumari mwingine koponi, nikaziba tundu, nikaviweka viatu rafuni rangi ikauke. Kiatu hakina kosa.

Nimekula mkate mzima na maji, ili uufunike msumari kama blanketi. Kipande cha mkate mwingine nimekishindilia kwenye tundu la gego pamoja na karafuu, kwa kuwa ganzi imeanza kuniaga. Baadaye nikagundua damu ni ya shavu, nimelitafuna mwenyewe bila kusikia. Daktari alisema nisile mpaka ganzi iishe. Alisema wakati mimi nawaza mapipa.

Ganzi imeisha. Jino limerudi, tena limerudi na nduguze.

Alhamisi, 7 Machi

Kila nikiinama nausikia msumari tumboni. Nikisimama wima nausikia umesimama nao.

Nimekwenda hospitali kwa kujifunika. Nikapita mbali na wodi ya binti, mbali zaidi na chumba cha meno. Daktari wa zamu, mwanamume mnene, akauliza mtu mzima anamezaje msumari bila kusikia. Nikasema niliteleza. Akauliza shavu. Nikasema la kurithi, marehemu baba alikuwa nalo. Akaniangalia, akaandika nipigwe eksirei ya kifua na tumbo.

Majibu: hakuna msumari. Gesi nyingi tu, akasema, na mkate.

Nilishukuru Mungu pale pale koridoni, machozi yakanitoka. Nikatembea kurudi kazini mwepesi kama bua. Njiani, karibu na kibanda, likanijia wazo lililonisimamisha katikati ya barabara mpaka mwenye baiskeli akanitukana.

Kama msumari haumo tumboni, umo wapi?

Umo kwenye kiatu. Umeteleza mdomoni, umeangukia ndani, umejificha chini ya soli ya ndani. Unangoja uzito. Na uzito wenyewe ni Matroni.

Nikakimbia. Rafu tupu! Mama watoto ameniambia kwa fahari kwamba alipita asubuhi, akaviona vimekauka na vinapendeza, akampa binti avipeleke mapema, ili nionekane fundi wa kutunza ahadi. Akangoja nimsifu. Nikamsifu.

Nimewaza kumwambia binti. Aingie tu kwa Matroni aseme viatu virudi kidogo. Lakini ataniuliza kwa nini, na hiyo kwa nini ina ngazi, na mapipa, na sala. Hapana. Nitalimaliza kiungwana.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ndefu. Naandika kwa kalamu ya binti, mdomo hausemi.

Nilifika wodini na mapema. Matroni alikuwa amekwisha kuvivaa. Mwanamke mrefu, mzito, mwendo wa askari. Akaniambia mbele ya manesi kwamba tangu aanze kazi hajavaa kitu kama hiki, kama anakanyaga unga. Manesi wakaniangalia. Binti yangu alikuwa pembeni na beseni mkononi, akitabasamu mpaka masikioni. Ilitosha kuniliza.

Na kila hatua ya Matroni nilikuwa naihesabia maziko.

Mpango wa kwanza. Nikamwambia nilisahau kuviombea viatu, naomba avivue nivishike. Matroni ni mcha Mungu kunishinda. Akasema viombewe miguuni, ndiko kazi iliko, akawaita na manesi. Nikaomba. Niliomba kwa bidii kuliko siku zote, nikisisitiza habari za visigino. Wakasema Amina. Akaenda zake.

Mpango wa pili. Mchana anapumzika chumba cha manesi, anavua viatu, anaegemeza miguu juu ya kiti na kufumba macho. Nikanyata. Nikavichukua. Nikajifungia kwenye chumba cha mashuka.

Nimetia mkono ndani, hakuna kitu. Nikabandua soli ya ndani ya kulia, hakuna. Nikafungua kisigino kwa kisu changu. Nikashuka nacho tabaka kwa tabaka. Hakuna. Labda cha kushoto. Nikafungua na cha kushoto. Kufikia hapo ngozi ile nyeupe ilikuwa mapajani mwangu kama kuku aliyenyonyolewa.

Mlango ukafunguka. Matroni, na soksi zake. Nyuma yake binti.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Fundi," akasema, "viatu vyangu vimekukosea nini?"

Nikaangalia zile soksi. Uongo wote niliokuwa nao ukanikimbia. Nikamwambia habari ya msumari, ganzi, ngazi, mapipa, mkate. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama tangu avivae asubuhi alisikia kitu kikimchoma. Nikasema sijui. Akasema yeye anajua: hakusikia.

Binti hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, kama mama yake.

"Baba, ungeniambia jana," akasema. "Ningevichungulia mimi mwenyewe."

Nikaanza kukusanya vipande vya ngozi mapajani.

Matroni akanishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga, akabonyeza shavu. Nikaona nyota. Akasema huyu apelekwe kwa daktari wa meno sasa hivi, na nesi mmoja amshike mkono asije akaenda kusali. Nesi huyo alikuwa binti yangu.

Daktari mdogo alinikuta kitini. Akaniuliza, "Mzee, sala imekwisha?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Safari hii ganzi haikukubali upesi. Akasema ndiyo adhabu ya kuchelewa: penye usaha dawa haifanyi kazi vizuri, uchafu wake unaipunguza nguvu. Akachoma tena, mbali kidogo na uvimbe, kule mshipa unakotokea. Akachoma na ya tatu ubavuni mwa jino. Binti alinishika mkono muda wote. Nilimminya mpaka akasema baba, hivyo vidole ninavihitaji kazini. Halafu daktari akanigusa na kitu cha ncha, akauliza kama inauma. Haikuuma. Akasema nitasikia kusukumwa na kuvutwa lakini sitasikia maumivu, nisichanganye. Kweli. Nilisikia kama mtu anang'oa kigingi kwenye shamba la jirani.

Jino likatoka. Akaliweka kwenye kisahani cha chuma. Likalia kama kengele.

Akainama. Akaligeuza kwa kibanio. Akatoa karafuu, akatoa mkate. Kisha akamwita binti aje aone.

Msumari. Umesimama ndani ya tundu la gego, kichwa juu, ncha chini, umenyooka, umekaza. Kazi safi. Mtu angesema umepigiliwa na fundi.

Ulikuwa mle tangu Jumatano, nami nikaukandamiza kwa mkate.

Jumamosi, 9 Machi

Shavu linapungua. Nimekatazwa kusukutua kwa nguvu na kufyonza. Binti kaleta uji uliopoa, akakaa mpaka nikaumaliza, akanieleza mambo ya wodini bila kuniangalia sana.

Matroni leo amevaa viatu vya Gundi. Havikuachia. Nilitumaini vingeachia, nimetubu. Ila miguu yake imepata joto, na kisigino kinampiga. Jioni akatoa hukumu. Anasema viatu bora ni vyangu, mpaka pale vilipochinjwa. Lakini mtu anayepasua kiatu kizima kwa sababu ya kuona aibu kuuliza, hawezi kumwachia miguu ya wodi nzima. Kazi imeandikwa jina la Gundi. Sharti: soli na visigino nivifanye mimi, kibandani kwa Gundi, na kila jozi binti yangu aikague kwa mkono kabla haijavaliwa na mtu.

Nikamwuliza binti, aliyeniletea hukumu, Matroni amesema nini juu yake yeye. Ndilo nililoliogopa tangu Jumatatu.

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Matroni alimwambia hivi: mikono mizuri umeitoa kwa baba, akili tunashukuru ni ya mama.

Mama watoto kaomba hilo lirudiwe. Limerudiwa.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya kwanza kwa Gundi. Kibanda chake kinanuka mpaka macho yanalia. Amenipa kigoda kifupi kuliko chake. Ananiita msaidizi mbele ya wateja. Nimemsamehe, nimepigilia jozi nne, zote binti amezipitisha.

Nimelitafakari jambo zima kwa utulivu. Sioni kosa lilikuwa wapi katika mpango. Ganzi ilifanya kazi yake. Tatizo daktari alichoma kushoto. Angeuliza kwanza fundi anashikia misumari upande gani, yasingetokea yote haya. Nitamshauri.

Mchana Gundi akavuta kigoda, akainamisha sauti. Kumbe ana kinundu nyuma ya shingo, kitatolewa Alhamisi, naye sindano anaiogopa kama mimi. Anasema hapa mtaani mwenye ujuzi wa ganzi ni mimi. Nilimwonea huruma, wallahi. Nikamweleza yote kwa haki: habari, njia, ubongo. Kwamba atakuwa macho. Kwamba itaunguza kidogo mwanzoni. Aseme kama ana presha. Atasikia kuvutwa, hatasikia maumivu. Akashukuru, akanipa na kigoda kirefu.

Kisha nikamwambia, kwa wema tu, kwamba ganzi ya shingo si ya mchezo. Aliyechomwa shingoni asitoke nyumbani siku tatu, wala asigeuze kichwa kuangalia ng'ambo. Akaniamini.

Ijumaa ndiyo siku ya kupeleka kwa Matroni fungu la kwanza la viatu. Mtu wa kuvipeleka nitakuwa mimi. Peke yangu, na aproni safi. Na anayeonekana na mzigo mlangoni ndiye watu humjua kuwa mwenye kazi.

Binti nitamwambia Jumamosi.

Nimeuweka mpango mbele ya Mungu usiku huu, kwa unyenyekevu. Sikuona dalili yoyote ya kukatazwa.